Swali la lugha: Amethisto au "yakuti zambarau"?

SWALI: Nimenunua jiwe la rangi ya zambarau kwa dalali hapa Nzega, Tabora. Kwenye risiti kaandika "madini hii ya yakuti zambarau". Mjomba anasisitiza ni amethisto. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mjomba. Ila dalali naye hakuliokota neno njiani. Yakuti, tuliyoipokea kutoka Kiarabu, imezoea kubebeshwa vito vya kila rangi. Hata Biblia ya Union, Ufunuo 21:20, ina "yakuti ya manjano" pale ambapo Kigiriki kinataja topazi. Lakini aya hiyohiyo inamalizia na amethisto, kwa hiyo jina la jiwe lako tunalo siku nyingi.

Kwa sonara, yakuti ni kito chenye ugumu wa 9 katika kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10. Amethisto ni kwatzi, ugumu 7. Ndugu wa lile jiwe jeupe ambalo wachimbaji hulipasua wakitafuta dhahabu. Zambarau yake inatokana na chembe za chuma zilizopigwa na mnururisho wa asili ardhini. Ukilichoma moto mkali hugeuka manjano, na wajanja huliuza kwa jina lingine. Katika picha uliyonitumia kitako cha jiwe ni cheupe na rangi imekolea nchani, kama amethisto nyingi zilivyo. Likwaruze kwenye kipande cha chupa: likishindwa kuacha mchirizo, basi hata amethisto si yenyewe, huenda ni floraiti, jiwe laini zaidi.

Tamka th kama ya "thamani". "Ametisto" mwachie dalali. Kwa Kigiriki maana yake ni "isiyolewesha", kwani Wagiriki waliamini jiwe hilo humkinga mnywaji. Usilijaribu kwa wanzuki.

"Yakuti zambarau" ina kasoro nyingine. Zambarau ni tunda kabla ya kuwa rangi, hivyo haliwezi kuning'inia nyuma ya nomino bila kiunganishi: sema "ya zambarau", au "ya urujuani" ukipenda.

Na hiyo "madini hii" ndiyo inayonikera zaidi. Katika Kiarabu ma- ni sehemu ya neno lenyewe, lakini sisi tumeshalitia katika ngeli ya YA-: madini haya, madini yale. Umoja wake hatuna, maana ukiondoa ma- unabaki na dini. Mrudishie risiti aandike: "kipande kimoja cha amethisto".