Ukiuliza grafu, vishughulikie viungo kwanza

Vijana ninaowafundisha programu hapa Kampala, wengi wao wa kutoka Arua na Bukavu, huja wakiwa wameizoea SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata za majedwali, kwa hiyo macho yao hukimbilia rekodi. Kwenye hifadhidata ya grafu, inayohifadhi vitu (nodi) na uhusiano kati yao (viungo), kuipata nodi si kazi. Kazi iko kwenye viungo. Kabla hujaandika msimbo wowote, amua kiungo kitabeba taarifa gani.

Mimi hufundisha kwa barabara, maana kila mtu amezipita. Miji ni nodi: Kampala, Luweero, Karuma, Masindi, Paraa, Pakwach, Nebbi, Arua. Barabara kati ya mji na mji ni kiungo chenye kilomita na hali yake. Kwa Gremlin, lugha ya kuuliza grafu ya mradi wa Apache TinkerPop, njia ya kwenda Arua naiuliza hivi:

g.V().has('mji','jina','Kampala').
  repeat(bothE('barabara').has('hali','wazi').otherV().simplePath()).
  until(has('jina','Arua')).
  limit(1).
  path().by('jina').by('km')

Isome polepole. Tunaanzia nodi moja tunayoijua. Usianze kamwe na g.V() tupu kwenye grafu kubwa. repeat inarudia hatua zilizo ndani yake mpaka sharti la until litimie, yaani tufike Arua. bothE inachukua viungo vyote vya mji ule, na otherV inavuka hadi mji wa upande wa pili. simplePath inakataa kurudi mji uliokwisha kupitwa. Ukiitoa, swali litakwenda Luweero, lirudi Kampala, liende tena. Zile by mbili za mwisho hupokezana: nodi inatoa jina, kiungo kinatoa kilomita, nodi tena, kiungo tena.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni has('hali','wazi'), kinachobakiza barabara zilizo wazi tu. Daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo mwaka 2024, magari ya West Nile, eneo uliko mji wa Arua, yalielekezwa kupitia Masindi na Paraa. Kwenye grafu hufuti kitu. Unabadilisha hali ya kiungo kimoja tu kinachovuka daraja, na swali lilelile, bila kuguswa hata herufi, linakuletea njia ya Masindi.

Uelekeo pia una uzito. Barabara inapitika pande zote mbili, ndiyo sababu nimetumia bothE. Lakini data yako ikiwa ni ya nani amemtumia nani pesa kwa simu, outE (viungo vinavyotoka) na inE (viungo vinavyoingia) ni maswali mawili tofauti kabisa, na kutumia bothE hapo ni kuchanganya mtumaji na mpokeaji.

Kumbuka pia kwamba limit(1), inayochukua njia ya kwanza kupatikana, haikuhakikishii njia fupi kwa kilomita. Ukitaka hiyo, jumlisha km njiani kwa withSack na sack(sum), panga matokeo kwa jumla hiyo, ndipo ukate. Na weka kikomo cha hatua kwa loops(), inayohesabu marudio ya repeat, hasa swali linapopita nodi kama Kampala yenye viungo tele.

Jambo la mwisho linawasumbua karibu wote. Kwenye konsoli ya Gremlin, dirisha la kuandikia amri, majibu hutoka yenyewe. Ukihamishia mistari hiyohiyo kwenye programu ya Java, hupati kitu mpaka umalizie kwa toList() au next(), kwa sababu bila hizo swali halijatumwa kwenye seva. Kwenye Python ni hivyohivyo, ila matoleo mapya huandika to_list() na both_e().