Maswali yenu kuhusu Phan Bội Châu, mpigania uhuru aliyeishi ugenini miaka ishirini

Katika toleo lililopita nilimtaja kwa mistari michache Phan Bội Châu, Mvietnam aliyepigania uhuru wa nchi yake akiwa Japani na China, tangu 1905 mpaka Wafaransa walipomtia mbaroni 1925. Maswali yakamiminika. Nimejibu haya.

Shikamoo mwalimu. Huyu mzee alitokea wapi, na kwa nini aliikimbia nchi yake? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Hakukimbia, alitumwa. Phan alizaliwa 1867 mkoani Nghệ An, mtoto wa mwalimu wa kijijini, akasomeshwa maandiko ya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, hadi akashika namba moja kwenye mtihani wa mkoa wa mwaka 1900. Kwa matokeo hayo angeweza kula mshahara wa serikali maisha yake yote. Lakini serikali ya nani? Mfalme alikuwa amekaa kitini Huế, mji mkuu wake, amri zikitoka kwa Wafaransa. Mwaka 1904 yeye na wenzake wakaunda chama cha siri, Duy Tân Hội, na kumweka mbele mwanamfalme Cường Để ili watu wawe na wa kumfuata. Kilichokosekana ni bunduki. Japani wakati huo ilikuwa inaipiga Urusi, na Asia nzima ilikuwa inatazama. Phan akapewa kazi ya kwenda kuomba msaada.

Aliongeaje na Wajapani wakati hakujua lugha yao? (Msomaji, Unguja)

Kwa kalamu na karatasi. Wasomi wa Vietnam, China na Japani wa zama zile wote walisoma Kichina cha kale, basi wasioelewana kwa mdomo walielewana kwa maandishi: huyu anaandika, mwenzake anasoma na kujibu. Ndivyo alivyozungumza na Liang Qichao huko Yokohama, mwanamageuzi wa Kichina ambaye naye alikuwa mkimbizi. Liang alimkutanisha na wanasiasa wakubwa, Ōkuma Shigenobu na Inukai Tsuyoshi. Bunduki hakupewa. Na Liang alimwonya jambo ambalo lilinifanya niweke kitabu chini kwanza: jeshi la Japani likishaingia kwenu, mtalitoaje? (Lilikuja kuingia kweli, Septemba 1940, Phan akiwa hai bado.) Ushauri wa Liang ulikuwa aandike, na asomeshe vijana. Mwaka huohuo wa 1905 Phan akaandika historia ya namna Vietnam ilivyopotea mikononi mwa wenyewe, Việt Nam vong quốc sử, na nakala zikapenyezwa nyumbani kimyakimya.

Nimesoma kwamba alipeleka wanafunzi Japani, kisha Wajapani wakawafukuza. Si walikuwa marafiki zake? (Msomaji, Kampala)

Hapa ndipo penye uchungu wa kisa chote, kwa hiyo nivumilie.

Mpango wenyewe uliitwa Đông Du, safari ya kwenda mashariki. Vijana walitoroshwa kupitia Hong Kong, fedha zikichangwa na matajiri wa kusini, na kufikia 1908 walikuwa kama 200. Wengine waliingia shule za kijeshi za Tokyo, wengine shule za kawaida. Cường Để naye alifika mwaka 1906. Kwa muda mfupi ilionekana kama nchi mpya inalelewa ugenini.

Lakini Japani ilitoka vitani na madeni, na mikopo ilikuwa Paris. Mwaka 1907 Ufaransa na Japani zikatia saini mkataba wa kuheshimiana katika maeneo yao ya Asia. Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio: Wafaransa wakawabana wazazi wawaandikie watoto wao warudi, polisi wa Japani wakauvunja umoja wa wanafunzi, na mwaka 1909 Phan mwenyewe akaamriwa aondoke. Mimi siwalaumu Wajapani kwa kuwa wabaya. Walikuwa serikali, na serikali humpima mgeni kwa faida yake.

Raia wao ni habari nyingine. Daktari mmoja, Asaba Sakitarō, alimpa Phan yen 1,700, fedha nyingi sana kwa siku zile, wakati wanafunzi hawakuwa na nauli wala chakula. Phan aliporudi baadaye kumshukuru alikuta daktari ameshafariki. Mwaka 1918, kwa kusaidiwa na wanakijiji, akamsimamishia jiwe la kumbukumbu katika kijiji cha Asaba, mkoani Shizuoka. Lipo mpaka leo.

Je, alikuwa mtu wa vita au wa kalamu tu? (Msomaji, Nakuru)

Alitaka vita, kalamu ndiyo iliyomkubali. Bunduki karibu 500 alizonunua zilikosa njia ya kufika nyumbani, akaishia kuwapa watu wa Sun Yat-sen, kiongozi wa wanamapinduzi wa China. Mwaka 1912 aliunda huko Guangzhou, mji wa mkoa wa Guangdong kusini mwa China, chama kipya, Việt Nam Quang Phục Hội, kilichotaka jamhuri. Mwaka uliofuata wanachama wake walirusha mabomu, Wafaransa wakajibu kwa kumhukumu kifo bila yeye kuwapo. Kisha gavana wa Guangdong akamfunga kuanzia 1914 hadi 1917. Mwenzake Phan Châu Trinh alikuwa amepinga tangu mapema njia ya silaha na kutegemea Japani. Kwa upande wa Japani, naona alikuwa sahihi.

Ni kweli Hồ Chí Minh ndiye aliyemuuza kwa Wafaransa? (Wasomaji kadhaa)

Uvumi huu kuhusu Hồ, aliyekuja kuwa rais wa Vietnam, ni mkongwe, na ushahidi wa kuusimamisha haupo. Phan alikamatwa Shanghai katikati ya 1925 na mawakala wa Kifaransa. Yeye mwenyewe, katika kumbukumbu zake, alimshuku kijana aliyekuwa akiishi naye, Nguyễn Thượng Huyền. Hồ alitoka wilaya moja na Phan, Nam Đàn, na baba yake alifahamiana naye. Phan alipofikishwa mahakamani Hanoi mwezi Novemba na kupewa kifungo cha maisha na kazi ngumu, nchi iliwaka kwa maandamano na maombi ya kumwachia. Gavana mkuu wa Kifaransa, Alexandre Varenne, akalegea, akampeleka Huế kuishi chini ya ulinzi. Hồ aliandika makala ya kumkejeli Varenne na kumsifu mfungwa.

Wafaransa waliwahi kuwaleta Wavietnam wa namna hii upande wetu wa Bahari ya Hindi? (Msomaji, Mombasa)

Ndiyo, ila si Phan. Kijana mfalme Duy Tân alijiunga mwaka 1916 na uasi uliopangwa na watu wa chama chake Phan. Uliposhindwa, yeye na baba yake Thành Thái walipelekwa kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska.

Mwisho wao ulikuwaje, Phan na yule mwanamfalme? (Msomaji, Muscat)

Phan aliishi Bến Ngự, Huế, akiandika mashairi na kupokea wageni macho ya polisi yakiwa mlangoni, hadi alipofariki tarehe 29 Oktoba 1940. Cường Để aliendelea kuitumainia Japani. Mwaka 1945 Wajapani walipowaondoa Wafaransa madarakani, walimwacha mfalme Bảo Đại kitini, na Cường Để hawakumrudisha nyumbani. Alifia Tokyo mwaka 1951.