Mpokeaji, kipokeo au kipokezi?

SWALI: Ninaandaa makala kuhusu serotonini, kemikali inayopeleka habari kati ya seli, na gamba la mbele la ubongo. Niliandika hivi: "Serotonini ikiwafikia wapokeaji wake, inawasisimua seli za ubongo." Mhariri amepigia mstari "wapokeaji", "inawasisimua" na hata "serotonini" yenyewe, bila kunieleza chochote. Nimekosea wapi?

JIBU: La pili ndilo jepesi, tulimalize kwanza. Seli iko katika ngeli ya I-ZI, na -wa- tumewawekea watu na wanyama. Andika "inazisisimua seli", au "inasisimua seli" kama huna haja ya kuzisisitiza.

Mpokeaji ni mtu: anayepokea barua, simu, wageni. Unachokitaja wewe ni protini iliyochomoza kwenye utando wa seli, upande mmoja ukiwa nje kungoja kemikali, mwingine ndani. Kifaa hicho, nacho kinastahili KI-. "Kipokeo" hakina ubaya kimuundo, tunacho kifuniko na kichocheo. Lakini mimi nachagua "kipokezi", kwa sababu pokea tayari imetupa mapokezi. Hiyo z haikuokotwa njiani. Vitenzi vya namna hii vilikuwa na l zamani, ikadondoka, na ikikutana na -i ya unominishaji, yaani ile inayogeuza kitenzi kuwa nomino, hujitokeza kama z: tetea, mtetezi, tembea, matembezi, zuia, kizuizi. Basi kipokezi, vipokezi.

Sasa lile la tatu, ambalo nadhani ndilo lililomkera mhariri. Umeipa serotonini kazi isiyo yake. Serotonini haisisimui wala haitulizi mpaka tujue imetua kwenye kipokezi gani. Ni kama neno "paa". Likisimama peke yake huwezi kusema ni nini. Ukisikia "paa limevuja" unatazama juu, ukisikia "paa amekimbia" unatazama porini. Maana imeletwa na upatanisho. Kwenye seli, upatanisho ni kipokezi.

Vipokezi vya serotonini vinavyojulikana ni aina 14 hivi, katika familia 7. Katika gamba la mbele, yaani lile lililo nyuma ya paji la uso, seli kubwa za piramidi, ziitwazo hivyo kwa umbo lao, mara nyingi hubeba aina mbili zinazovutana: 5-HT1A na 5-HT2A (5-HT ni kifupi cha jina la kikemia la serotonini). Cha kwanza kikishikwa na serotonini, huiamsha protini G, mjumbe wa kipokezi aliye upande wa ndani, nayo hufungua milango ya potasiamu. Potasiamu ina chaji chanya. Ikitoka, ndani ya seli huzidi kuwa hasi, na seli huwa nzito kufyatua mpigo wa umeme. Cha pili hutumia protini G ya jamii nyingine: kalsiamu huongezeka ndani, potasiamu inayotoka hupungua, na seli husogea karibu na kufyatua. Kemikali ni ileile, hata seli yaweza kuwa ileile.

Halafu kuna 5-HT3, mkaidi wa ukoo. Hakihitaji protini G, chenyewe ni mlango wa ioni, yaani chembe zenye chaji, na hufunguka papo hapo. Katika gamba la ubongo hupatikana kwenye baadhi ya seli ambazo kazi yake ni kutuliza jirani zake. Kwa hiyo hapo serotonini husisimua seli moja, na matokeo yake ni nyingine kutulia. Sentensi yako ingeyasemaje hayo?

Jina "serotonini" lenyewe halisaidii. Watafiti Rapport, Green na Page walilitunga mwaka 1948 kutokana na majimaji ya damu walimoipata na uwezo wake wa kukaza mishipa. Ubongo haumo kabisa; iligunduliwa humo mwaka 1953. Ndiyo maana nakusihi usiongeze "kemikali ya furaha", utapigiwa mstari wa nne.

Jambo dogo la kitenzi. Kwa mambo ya kawaida ya maumbile tumia hu-: "huzisisimua", si "inazisisimua", maana husimulii tukio la leo asubuhi. Na ukitaka kueleza jinsi seli zinavyowasiliana, "hupashana habari" inatosha. -Ana- imeshabeba ile hali ya huyu kwa yule, huna haja ya "zenyewe kwa zenyewe" niliyoiona kwenye makala nyingi.

Ningeiandika hivi: "Katika gamba la mbele la ubongo, serotonini huzisisimua seli za piramidi kupitia vipokezi vya 5-HT2A, na huzituliza kupitia vile vya 5-HT1A." Ni ndefu kuliko yako, lakini mhariri akiipigia mstari, mwambie aniandikie mimi.