Maswali ya wasomaji: Kuonana na marubani baada ya kutua

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mwanangu wa miaka tisa anatamani kuona chumba cha marubani. Mwezi ujao tunatoka Nairobi kuja Entebbe kwa ndege. Nimwombe nani, na wakati gani?
Mama mzazi, Arua

JIBU: Marahaba, mama. Kuingia humo ndege ikiwa angani, sahau. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 kule Marekani, milango ya vyumba vya marubani iliimarishwa, na safari nzima hufungwa kwa ndani. Ndege ikishaegeshwa, mwenye ruhusa ni rubani mkuu.

Ombi lipitishe kwa mhudumu wa ndege, ila si pale mlangoni mnapopanda, maana hapo anahangaika na viti na mizigo. Ngoja amalize kugawa vinywaji. Nairobi hadi Entebbe ni kama saa moja tu, hivyo usizembee: ndege ikianza kushuka, wahudumu wanakusanya vikombe na kukagua mikanda. Zaidi ya hayo, kwa kawaida chini ya futi 10,000 marubani hawasumbuliwi kwa jambo lisilohusu usalama. Mtajie jina la mtoto, umri wake na namba ya kiti chenu, kisha tulia.

Mkitua, bakini mmekaa hadi abiria wa mwisho ashuke. Kutulia kwa ndege hakumaanishi kazi imekwisha mbele kule. Marubani wanafunga breki ya kuegeshea, wanazima injini, wanasoma orodha ya ukaguzi hatua kwa hatua, halafu wanaandika kwenye kitabu cha ndege hitilafu yoyote waliyoiona ili fundi aishughulikie. Ukibisha hodi katikati ya kusoma orodha, utajibiwa kwa ukali, na ni haki yao. Mkiitwa, mabegi yaacheni nje. Ndege za CRJ900, ambazo Uganda Airlines huzitumia kwa safari za kikanda, zina chumba kidogo mno. Mtoto na mzazi mmoja wanatosha kukijaza.

SWALI: Mimi niliomba nikaambiwa haiwezekani, basi. Niliwakosea?
Msomaji, Jinja

JIBU: Hukuwakosea, ndugu. Ndege inayogeuza, yaani inayofika na kuondoka tena kwa safari nyingine, huwa na muda mfupi wa kukaa chini, mara nyingi haufiki saa moja. Humo humo inasafishwa, inajazwa mafuta, mizigo inapakuliwa na mingine kupakiwa. Rubani mmoja anaizunguka kwa miguu akikagua matairi, injini na mbawa. Mwenzake anaingiza njia ya safari mpya kwenye kompyuta. Ikiwa mlichelewa kufika, dakika za wageni ndizo za kwanza kukatwa. Saa za kazi za marubani nazo zina kikomo cha kisheria. Ukitaka bahati zaidi, chagua ndege inayolala kiwanjani mkishafika, ingawa hapo napo unawakuta watu waliochoka na gari lao linawasubiri.

SWALI: Mtoto akiingia anaruhusiwa kugusa nini?
Mwalimu, Mbarara

JIBU: Alichoambiwa aguse, basi, mwalimu. Mikono ikae mgongoni mpaka rubani aseme. Breki ya kuegeshea na vishikio vya nguvu za injini viko katikati ya viti viwili, pale pale mtoto anapopenda kushika ili asianguke. Swichi za moto za injini ni hatari zaidi: hukata mafuta ya injini, na karibu nazo kuna vitufe vya kumwaga dawa ya kuzimia moto. Kikiguswa kimoja kimakosa, fundi ataitwa na abiria wanaofuata watachelewa.

Kiti cha kushoto ni cha rubani mkuu, mwenye mistari minne begani. Kwenye Airbus A330-800 mtoto atautafuta usukani asiuone: kuna kijiti kidogo pembeni ya kila kiti, na mbele ya rubani pana meza ya kukunjua. Picha ombeni kwanza, na msivipige picha vitufe vya kufungulia mlango.

SWALI: Baba wa watoto wangu anatupokea Entebbe. Anaweza kuingia tuwe naye?
Msomaji, Soroti

JIBU: Hapana. Eneo la ndege ni la wenye kibali, naye atawasubiri nje ya ukumbi wa wanaowasili. Mpigie mapema umwambie mtakawia, kwa sababu mkitoka mwisho kwenye ndege, foleni ya uhamiaji mtaikuta imeshajaa.