Kabla hujalipia onyesho la nne: kwa wazazi wapya wa besiboli

Jumamosi iliyopita nilikuwa LakePoint, pale Emerson kaskazini mwa Atlanta, nimekaa chini ya mwavuli nikimtazama mtoto wa jirani akicheza, nikamsikia baba mmoja kijana, mwenzetu wa hapa Marietta, akieleza kwa fahari kwamba amemlipia mwanawe wa darasa la tisa maonyesho matatu ya vipaji kwa kiangazi kimoja, na kwamba kampuni fulani ya kutafutia wachezaji vyuo imemwekea nafasi ya mwisho iliyobaki katika kundi lake la wateule. Niliuma mdomo. Nafasi hiyo ya mwisho niliwekewa mimi pia miaka sita iliyopita, na nina hakika kwamba hadi leo bado iko wazi.

Kwa hiyo naandika, kwa upendo na kwa uchovu, kwa akina mama na akina baba mnaoanza safari hii.

1. Jueni mnacholipia. Onyesho ni mahali pa kupimwa: mbio za yadi 60, kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo, kasi ya mrusho na, kwa mdakaji, yule anayechutama kupokea mpira wa mrushaji, muda wa kurusha hadi kituo cha pili. Wakala wa kutafutia vyuo ni mtu mwingine kabisa, ambaye hutengeneza ukurasa wa mchezaji, hukata video na kutuma baruapepe kwa makocha. Hakuna hata mmoja kati yao anayeongeza maili moja kwenye mkono wa mtoto. Vipimo vya maonyesho makubwa, kama yale ya Perfect Game na Prep Baseball Report, huwekwa mtandaoni, na kocha wa chuo huvisoma kabla hajasoma jina la mtoto. Ukimpeleka kijana Januari, mkono ukiwa bado umelala kwa baridi, umelipa ili dunia nzima imwone akiwa dhaifu.

2. Barua ya kualikwa kwenye kambi ya mazoezi ya chuo si barua ya kutakiwa. Tangu mwaka 2023, makocha wa Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya michezo ya vyuo, hawaruhusiwi kuzungumza na mchezaji wa besiboli kuhusu kumsajili hadi tarehe 1 Agosti kabla hajaingia darasa la kumi na moja, lakini vipeperushi vya kambi na fomu za maswali wanaweza kumtumia wakati wowote. Kwa hiyo wakala akikuambia kwamba vyuo vitano vya Divisheni ya Kwanza viko kwenye mazungumzo ya kumsajili mwanao wa miaka kumi na minne, ama makocha hao wanavunja sheria ama yeye anakudanganya, na mimi najua ningeweka dau langu wapi. Vilevile, akitaka asilimia ya skolashipu itakayopatikana, mwage kwaheri papo hapo, kwa maana sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, haziruhusu malipo ya namna hiyo na atakayeumia ni mtoto.

3. Msikubali mtu mwingine aandike barua za mtoto wenu. Hapa nina kidonda, na nitawaonyesha.

Mwanangu alikuwa mdakaji. Nilikuwa nafanya kazi za usiku hospitalini, narudi nyumbani saa mbili asubuhi, na baseball ya Wamarekani nilikuwa naifahamu kwa kiasi cha kujua wakati wa kupiga makofi. Wakala alinipigia simu akiwa na sauti laini kama ya shehe anayefungisha ndoa, akaniita mama, akasema kijana ana kipaji ambacho hajakiona kwa miaka mingi. Hakuwa amemwona akicheza hata siku moja; alikuwa ametazama video ya dakika mbili niliyoipiga kwa simu, na nusu ya video hiyo ilikuwa kidole changu. Nililipa dola 2,800 kwa awamu nne. Katika miezi hiyo nilichukua zamu za ziada kila wikendi, na mechi nyingi za kijana zikanipita huku nikijiambia kwamba ninajenga maisha yake.

Kila wiki nilitumiwa ripoti yenye michoro ya rangi: makocha 340 wametumiwa barua, 112 wamezifungua. Niliichapisha ripoti moja, nikaibandika kwenye friji. Kumbe kufungua barua si kuisoma, na kuisoma si kumtaka mtu.

Oktoba, kijana akiwa darasa la kumi na moja, tulikwenda kwenye kambi ya chuo kimoja, mwendo wa saa tano kwa gari. Mchana kocha msaidizi alimwita pembeni nami nikasogea, moyo ukinidunda, maana niliamini kwamba hiyo ndiyo saa yenyewe. Alitoa simu yake, akaifungua baruapepe na kuuliza kwa upole iwapo kijana ndiye aliyeiandika. Nikaisoma juu ya bega la mwanangu. Barua ilisema kwamba tangu utotoni amekuwa na ndoto ya kuchezea chuo fulani, na chuo kilichotajwa kilikuwa mahasimu wao wa upande wa pili wa jimbo. Sentensi iliyofuata ilimsifu kwa mrusho wa maili 89 kwa saa kutoka kilimani, pale anaposimama mrushaji. Mwanangu hajapata kurusha kutoka kilimani katika mchezo wowote rasmi. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amechutama nyuma ya gongo, magoti yakimlia. Barua ya mtoto wa mtu mwingine ilikuwa imebandikwa jina lake.

Kocha hakukasirika. Alicheka kidogo, akasema kwamba hupokea barua za namna hiyo kila siku na kwamba siku hizi huzifuta bila kuzifungua zinapotoka kwenye anwani ya kampuni ile. Kijana alitazama viatu vyake. Njiani hakusema neno hadi tuliposimama kujaza mafuta, akaniuliza, "Mama, wamewatumia wangapi?" Nilikuwa na jibu kamili, kwa sababu lilikuwa limebandikwa kwenye friji.

Fedha hazikurudi, mkataba ulisema hivyo, nami niliutia sahihi bila kuusoma nikiwa nimetoka zamu yenye urefu wa saa kumi na mbili. Lakini fedha ndizo zilizoniuma kidogo kuliko yote.

Tangu siku hiyo aliandika mwenyewe, barua tano kwa wiki, kila moja ikiwa na jina sahihi la kocha, ratiba ya mechi zake, wastani wa alama zake na video fupi. Walijibu wachache, lakini waliojibu walikuwa wamesoma.

4. Yafuatayo mngepaswa kuyajua tayari, kwa hiyo nitayasema haraka. Video iwe ya dakika mbili isiyo na muziki. Chukueni orodha ya wachezaji wa chuo mnachokitamani mhesabu wadakaji wake na miaka waliyobakiza. Masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani wa alama wa 2.3 kati ya 4.0 ni sharti la Divisheni ya Kwanza, na ikiwa mtoto alianza kidato cha kwanza Mombasa au Arusha, vyeti vya matokeo vya huko vitadaiwa pia, basi vitafuteni sasa. Divisheni ya Tatu haitoi skolashipu za michezo, lakini ina misaada ya masomo na ya kipato, ambayo mara nyingine huzidi kipande cha skolashipu ambacho mngepewa kwingine. Chuo cha jumuiya cha miaka miwili si aibu. Ndiko alikopitia wangu kabla ya kuhamia Divisheni ya Pili.

5. Pimeni wenyewe kwanza. Vyuo vya Divisheni ya Kwanza vilivyojiunga na utaratibu mpya wa mwaka 2025 wa kuwagawia wachezaji mapato vina kikomo cha wachezaji 34, na kocha anayeweza kumchukua mwanamume wa miaka ishirini na miwili aliyehama chuo kingine hatamsubiri mtoto wako akomae. Mdakaji anayetazamwa na vyuo hivyo hufikisha mpira kituo cha pili, futi 127 na ushei, kwa takriban sekunde mbili. Saa ya kupimia muda haifiki dola ishirini. Yangu niliinunua baada ya ile kambi, na siku ya kwanza kijana alipata 2.21, alikasirika, akavua glavu akaitupa, akaiokota, akarusha mara thelathini nyingine huku mimi nikisinzia nimesimama. Ilimchukua miezi saba kufika 2.04, ndipo tulipolipia onyesho moja tu.

Yule baba kijana nilimuuliza mwanawe anakimbia yadi 60 kwa sekunde ngapi. Alisema hajui, labda kampuni inajua. Tumekubaliana kukutana Alhamisi jioni kwenye uwanja wa shule: mimi nakuja na saa na utepe wa kupimia, yeye anakuja na mtoto na maji ya kunywa, na ule mkataba wa nafasi ya mwisho anauacha kwanza bila sahihi.