Mama kuona ukungu baada ya leza

Pole, dada. Unasema mama yako ana kisukari, alipigwa leza ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) wiki iliyopita, na sasa anaona ukungu na jioni anajikwaa kwenye ngazi. Mimi nilipigwa leza hiyo macho yote mawili, kwa awamu. Ukungu ulipungua baada ya siku kadhaa. Kwa wengine huchukua wiki. Shida ya gizani ndiyo haikuniisha. Leza huchoma sehemu za pembeni za retina ili kuiokoa ya katikati, hivyo kuona pembeni na usiku kunaweza kupungua. Wala hairudishi uoni uliokwisha potea, inazuia tu hali isizidi kuharibika (mimi hilo nililijua baadaye!).

Wekeni taa ya kutosha ngazini. Kama anaendesha gari, aache mpaka daktari amruhusu. Sukari na presha msizilegezee hata kidogo.

Ila akianza ghafla kuona vidoa vyeusi vingi vinavyoelea, mimweko ya mwanga, kivuli kama pazia, au jicho likimuuma sana, msisubiri tarehe ya kliniki. Mpelekeni kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.