Niliwapelekea Chai ya Rangi

Juzi kijana wa Likoni, Mombasa, kaniandikia: "Kaka, nina magunia matatu ya makumbi ya nazi na wazo la kusafisha maji ya viwanda. Nianzie wapi?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kijana huyo ni mimi wa miaka minne iliyopita.

Makumbi yangu, yale maganda ya nje yenye nyuzi, nilipewa bure na wauza nazi wa Kongowea. Nikayakata, nikayashindilia ndani ya pipa uani kwetu Mikindani, nikamimina maji yaliyotiwa ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda. Yakatoka bila zambarau. Mama mkwe akaita majirani waje kuona, na kichwa kikanivimba. Nikatafuta kiwanda cha kutia nguo rangi (jina nalihifadhi), nikamwahidi meneja maji kama ya kisima.

Maji ya kiwanda yalitoka kwenye pipa langu na wekundu wake ule ule, na ukahawia juu yake. Meneja akachungulia chupa. "Bwana, umetuletea chai ya rangi?" Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mpaka leo matatu ikipita pale Changamwe naangalia upande wa pili.

Ukahawia ulikuwa tanini, rangi ya asili ya makumbi yenyewe. Yalitakiwa kuchemshwa na kusuuzwa mpaka maji ya kusuuzia yabaki safi. Lakini lililonimaliza ni jingine: dawa ya zambarau ina chaji chanya, makumbi chaji hasi, kwa hiyo vilishikana. Rangi nyingi za pamba zina chaji hasi, tena maji yake yamejaa magadi na chumvi. Makumbi na rangi vikasukumana. Ningepunguza magadi kwanza, kisha nijaribu mkaa amilifu wa vifuu vya nazi, ule wenye vitundu vidogo vya kunasa uchafu, uliopigwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 na zaidi. Si huu wa kuchomea mahindi.

Vijana, acheni pupa! Jaribuni kwa maji ya kiwanda chenyewe. Narudia: ya kiwanda chenyewe. Na msidanganyane na mlonge. Mbegu zake huzamisha tope, rangi iliyoyeyuka ni ya kupimwa kwanza. Makumbi yaliyoshiba rangi nayo ni taka ya kiwanda. Ukiyamwaga kwenye mikoko ya Tudor hujasafisha kitu, umehamisha.

Mwaka huu kiwanda kingine kimenipa mapipa mawili ya majaribio. Meneja wake hajacheka bado.

Wewe wa Likoni, magunia yaache nyumbani. Njoo na lita tano za maji ya kiwanda unachokitaka, na karatasi za kupimia asidi.